Njia ya Dukani

Ngwali aliinunua pikipiki ile kwa sababu muuzaji alimwambia haichagui njia, iwe lami, mchanga au mlima. Tangu hapo ilimpeleka dukani kwake na kumrudisha nyumbani, basi. Kila jioni aliisugua mpaka ikang'aa, na bado roho haikumtulia.

Leo asubuhi mkewe, Mize, alitoka amejifunga kibwebwe, akapanda nyuma.

"Dukani unafuata nini, Mama Hidaya?"

"Nani kasema naenda dukani? Nimechoka kukutazama ukiisugua."

Ngwali akawasha pikipiki, wakaondoka. Walipofika njia panda alitaka kukata kushoto kama kawaida, akasita. Mbele yao barabara ya vumbi ilipanda kilimani, asikokujua. Injini ilinguruma. Mize akamshika kiuno, akakaza mikono.