Oili Nyeusi ya Teksi

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili ya gia, akakinusa, akakunja uso.

"Mama, hii haijabadilishwa tangu enzi za babu. Gia zinang'ang'ania kwa uchafu huu huu. Nikitia mpya, teksi haipandi tena mlima wa Baguio. Tuiache tu."

Ludivina alichungulia mbele ya teksi. Mumewe alikuwa akisugua taa ya mbele, pale pale palipokwisha kung'aa. Tope lilibaki shubiri moja kutoka mkononi mwake.

"Imetakata?" mumewe aliuliza, akiutazama mtungi wa gesi uliosimama ukutani kana kwamba ndio mkewe.

"Imetakata, mzee," Ludivina alimjibu.

Mwaka mzima Ludivina alikuwa amemsihi aache usukani, mpaka akachoka. Kesho mzee angepakia abiria tena.

Ludivina alimwinamia fundi.

"Mwaga," alinong'ona. "Mwaga yote, utie mpya."