Kitambi cha Ngiri

Ngiri mmoja wa mbugani aliota kitambi, akakiona ni heshima kubwa.

Mkewe akamwambia, "Mume wangu, punguza kula. Mlango wa shimo letu ni mwembamba."

"Mwanaume asiye na kitambi nani atamsalimia?" Ngiri akajibu, akaendelea kutafuna.

Siku moja Simba akatokea. Ngiri akakimbilia shimoni, akakwama tumboni, miguu ikirusha mavumbi nje. Mkewe akamvuta kwa nguvu zote mpaka akaingia, mbavu zimechubuka, na Simba akabaki na manyoya ya mkia tu.

Kesho yake Swala akamkuta Ngiri akizunguka kichuguu mbio, jasho linamtiririka.

"Bwana Ngiri, nani anakukimbiza?"

"Leo hakuna," akasema akihema. "Ndiyo maana nimepata nafasi ya kupunguza kitambi."