Saa za Kutoka Doha

Ruwaida alisimama kizingitini, mikono ameishikiza kwenye miimo miwili ya mlango, na wanaume waliobeba jeneza hawakuwa na pa kupita.

"Mama hatoki," alisema. "Mpaka Yasir aje."

Mjomba wake, Mwinyihaji, alimtazama kama anayetazama doa kwenye kanzu yake. Akamwambia kwamba aliyefariki alfajiri huswaliwa adhuhuri akazikwa, na adhuhuri ndiyo hiyo inaingia. Huyo Yasir, kama alimtaka mamake, angalikuja katika miaka sita hii.

"Doha si hapo Nyali, mjomba."

Akamhesabia kwa hasira. Zaidi ya kilomita elfu tatu mpaka Nairobi, saa tano na nusu angani. Nairobi mpaka hapa Mombasa, saa nzima nyingine. Yeye mwenyewe alimpigia ndugu yake saa mbili asubuhi. Yasir alilia, akauliza wanazika saa ngapi, akaapa anakimbilia kiwanja cha ndege papo hapo. Hata angekuwa keshaketi ndani ya ndege, hangefika kabla ya saa nane na nusu. Kwani kuzika alasiri kuna kosa gani?

"Na ndege ikichelewa tungoje Ijumaa? Jiondoe hapo, mwanamke usiye na haya."

Bi Mwanatatu, jirani aliyemwosha marehemu, alimvuta leso taratibu. Ruwaida akausukuma mkono ule. Akawauliza wote walikuwa wapi alipokuwa akimgeuza mama kitandani peke yake. Kila siku mama alimuulizia Yasir, na kila siku yeye alimjibu: nauli ghali, kazi haina ruhusa, Arabuni mbali. Mama amekufa akiamini hivyo. Basi leo mwanawe amwone uso, hilo moja tu. Anayetaka kupita, na amkanyage yeye kwanza.

Mwinyihaji alinyanyua mkono ampige.

Geti la bati likajibamiza ukutani. Watu waliokaa nje wakapisha njia. Yasir aliingia mbio, jasho likimtiririka, miguuni ana ndara, mkononi hana hata mfuko. Saa sita na nusu ilikuwa haijafika.

Alianguka magotini mbele ya kizingiti.

"Dada, nipishe," alilia. "Nimfunue mama uso, mara moja tu."

Ruwaida aligeuka. Aliziangalia ndara zile, kucha zile zilizojaa tope, kwa muda mrefu. Kisha akashusha mikono, akasogea kando ya mlango.

"Mtoeni, mjomba," alisema. "Mwanawe yuko Doha."