Chupa ya Mama Madeleine

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, Likasi iliamka na baridi kavu ya kuuma masikio.

Mama Madeleine alikuwa ameinama juu ya meza ya chakula, kidevu kikigusa fimbo yake ya snuka, mchezo wa kusukuma mipira mezani. Mbele yake ililazwa chupa tupu ya bia. Zoezi lilikuwa kuingiza ncha ya fimbo katika shingo ya chupa na kuitoa bila kugusa kioo. Mkono ukipinda, kioo kinalia.

Alizama hata akasahau kwamba kundi la maombi hukutana kwake kila Jumamosi asubuhi. Alipogeuza macho, Pasta alikuwa ameshaingia, na akina mama nyuma yake.

"Weye, kiongozi wetu, na pombe asubuhi hii?"

"Haiko pombe, Pasta. Iko zoezi. Niko na mashindano ya snuka Jumatatu."

"Bibi muzima, kushindana na batoto!" mama mmoja akacheka.

Pasta akanyoosha mkono. "Snuka iko mchezo ya mu baa. Chagua, Mama. Unipe hiyo fimbo, ao uache kuongoza maombi."

Hakuinuka. Alimwomba Mungu autulize mkono wake, akasukuma polepole. Chaki ya buluu kwenye ncha ya fimbo ilionekana ndani ya kioo cha kahawia, ikarudi nje. Hapakuwa na mlio.

Ndipo akasimama wima, fimbo mkononi.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu bote: Jumatatu miye nitacheza, na Jumamosi ijayo nitaongoza maombi humu humu. Fimbo sitatoa, na maombi sitaacha."