Ndoo ya Kumi na Saba

Wenzake wakampigia makofi, naye Kasuba akatamani ardhi ipasuke immeze.

Kati ya ndoo arobaini za maharage, thelathini na tisa zilikuwa zimenyauka. Zote zilijazwa udongo wa kando ya mgodi wa zamani, wenye madini ya risasi tele, sumu kwa mimea na kwa watu, ili ijulikane ni mbegu gani inayoweza kuuhimili. Mmea wa ndoo ya kumi na saba peke yake ulikuwa kijani kibichi, umebeba maganda mpaka umeinama.

Ilikuwa mbegu ya mama yake.

"Mama yako ametutoa kimasomaso!" Daktari Sikazwe, mkuu wa kituo cha utafiti wa mbegu, alimwambia. "Wiki ijayo tunanunua mbegu yake yote, tunawagawia watu wa kule mgodini. Familia mia tatu!"

Mia tatu! Mchana ule Kasuba alimsogezea mwenzake sahani yake ya nshima, ule ugali wa kwao. Mama alipompa mbegu zile alikuwa ameshajigamba kwa kanisa zima kwamba zinakwenda kwa wasomi. "Usije ukaniaibisha, wewe," alimwambia. Basi siku ya kupanda, Kasuba akamwaga udongo wa mgodi wa ndoo ile moja, akajaza mwingine. Mtu mzima, kudanganya kama mtoto wa shule! Sasa watu watapanda mbegu ya uongo, itawakaukia, walale njaa kwa sababu yake.

Saa tisa uvumilivu ukamwishia. Alimkuta daktari ofisini, ameinamia karatasi za maabara.

"Daktari, nifukuze kazi tu. Ile ndoo niliichezea. Nilibadilisha udongo."

Sikazwe akavua miwani. "Ukaweka upi?"

"Wa bustani ya mama, nyumbani kwetu. Udongo mzuri, mweusi, wala haujawahi kuona mgodi. Tumekula humo miaka yote. Hata mwanangu Mapalo, mama ndiye anayemlea, anashinda humo humo akipika nshima za udongo. Akiziivisha anazionja, mjinga yule."

Alingoja kukemewa. Daktari aliitazama karatasi, akamtazama yeye, akairudia karatasi.

"Huyo Mapalo ana miaka mingapi?"

"Minne. Kwa nini?"

Akamgeuzia karatasi, kidole kikiwa kwenye mstari wa kumi na saba.

"Wamepima udongo wa ndoo zote arobaini, mwanangu," alisema. "Huu ndio wenye risasi nyingi kuliko wote."