Kipimo cha Kigen

Asubuhi hiyo kocha Sirma alisimama kwenye kona ya mlima, simu mkononi, akisubiri wakimbiaji wake wapande. Kila mmoja alikuwa amebana kidude kwenye kamba za kiatu, na simu ilionyesha nguvu anayotumia kila anapokanyaga. Majina yakaanza kuwaka. La mwisho kuwaka lilikuwa la Kigen.

Kigen walikwisha kumzika. Alianguka kwenye kona hiyo hiyo, baada ya kulalamika kwamba kifua kinambana, na Sirma akamjibu bila kuondoa macho kwenye simu, "Acha kudeka. Kipimo kinasema nguvu bado unazo."

Wakimbiaji wakampita bila salamu. Nyuma yao alikuja Cheptum, mjane wa Kigen, viatu vya mumewe vikimpwaya. Jana yake ndugu walikuwa wamegawana nguo za marehemu. Viatu hivyo, kidude kikiwa bado kwenye kamba, Cheptum alivificha.

Alipofika mbele ya kocha hakusimama. Aliendelea kukimbia papo hapo, jasho likimchuruzika.

"Kocha, nisomee."

"Pole, Mama Kibet. Hebu kaa kwanza, upumzike."

"Nisomee! Nguvu bado ninazo?"

Sirma akatazama simu. "Unazo," alisema.

"Hata yeye alikuwa nazo."

Kisha Cheptum akasimama tuli. Kando ya jina la Kigen namba ikaanza kushuka, ikashuka tena, na Sirma akajikuta ameikodolea macho ile miguu, akiiomba iinuke.