Viboko wa Maisaka

"Huja watatu," Vailet alimnong'oneza mama aliyekuja kuiangalia nyumba. "Mkubwa wao ana kovu hapa."

Akagusa shavu lake. Yule mama, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Singida, akaurudisha mlango aliokuwa ameushika.

"Watatu nini?"

"Viboko, mama. Kutoka ziwani. Sisi tumeshawazoea."

Mama aliikimbilia bajaji, kiatu kimoja kikabaki sebuleni. Vailet alimpelekea huku uso umejaa huruma, na tumboni kicheko kinachemka. Kiboko gani wa kufika Maisaka? Kutoka ziwani mpaka pale ingebidi apande bodaboda!

Ndiyo maana nyumba ile ilikuwa na mwezi wa nane haijauzwa. Si kwamba ilikuwa mbaya, hata kidogo. Baba yake Vailet aliuza ng'ombe ili aikarabati: bati jipya la msauzi, marumaru za kung'aa, dari ya jipsamu yenye maua. Kisha akarudi shambani Dareda, akamwachia binti chumba cha uani, funguo, na agizo moja: wateja wakija, wafungulie. Ikiuzwa, funga virago urudi nyumbani.

Tatizo likawa dalali.

Wilbroad alileta wateja kila Jumamosi, na kila Jumamosi Vailet alijikuta anachana nywele tangu alfajiri. Kijana mpole, na akicheka hakutoa sauti, mabega tu ndiyo yalitikisika. Vailet alimpenda, jamani, tuseme ukweli. Nyumba ikiuzwa, Jumamosi zimekwisha. Afadhali viboko.

Dhamiri ilimsuta, maana alikuwa anamnyima riziki kijana wa watu. Lakini Wilbroad hakuwahi kununa. "Atapatikana mwingine, dada Vailet," alisema kila mara, akipokea kikombe chake cha chai. Na wateja wenyewe hawakumpa Vailet kazi kubwa. Mwalimu Halidi aliingia akiwa tayari ameikodolea macho dari, anauliza kama nyuki wamelala. Hellen wa duka la dawa alipita sebuleni kwa ncha za vidole, ameshika ukuta. Vailet alimshukuru Mungu kwa kumletea watu waoga, akamalizia na viboko wake.

Kisha baba akapiga simu. "Mwisho Pasaka. Isipouzika, natafuta dalali mwingine."

Haya sasa! Ikiuzwa, Wilbroad kwaheri. Isipouzwa, Wilbroad kwaheri. Vailet alikosa hata hamu ya kula.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Pasaka, Wilbroad alikuja na mzee mmoja mwenye kofia ya pama. Siku hiyo dalali alikuwa amenyoosha shati vizuri kuliko siku zote. Alibaki getini, anavunjavunja kijiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hii mboga ya mnafu umeilima mwenyewe?"

Mzee hakutazama bati. Hakutazama jipsamu. Alikaa kibarazani, akanywa chai vikombe viwili, akauliza wanasali kanisa gani, wao ni watoto wa nani, na baba yake ni mkali kiasi gani. Vailet alijibu yote kwa adabu. Alipoona mzee anaomba kikombe cha tatu, akaanza.

"Baba, sitakuficha. Usiku huja viboko."

"Wangapi?"

"Watatu."

"Na mnafu wote huu wameuacha?"

Vailet akauangalia mnafu. "Hawapendi vitu vichungu."

Mzee akashusha kofia usoni. Mabega yakatikisika.

"Na masika maji huingia mpaka kitandani."

"Nitajifunza kuogelea."

"Halafu barabara itapita hapa hapa sebuleni!"

"Vizuri, sitahangaika na usafiri."

Loo! Mzee gani huyu? Vailet akafungua mdomo aongeze uongo mwingine. Mzee akaweka kikombe chini, akasimama.

"Wilbroad!" aliita kuelekea getini. "Njoo, mimi nimeridhika. Hakuna haja ya kutafuta kwingine."

Machozi yakamlenga Vailet. "Lakini baba, hujaona hata chumba kimoja!"

"Vyumba vya nini, mwanangu? Nyumba ninayo, kule Singe. Huyu kijana wangu miezi minane anawatisha wateja njiani kwa nyuki na sakafu inayodidimia, ili mradi Jumamosi arudi hapa. Nikasema acha nije nimwone mkwe kwa macho yangu." Mzee alijifuta machozi ya kicheko. "Ila viboko hakunitajia. Hao ni wa kwako?"